Motokaa Kuukuu Isiyotaka Kuwaka: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu, moja imetoka Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mwandishi wake ni mkulima wa migomba na baba wa watoto wanne. Ana Land Rover 109 ya petroli, ya miaka ya 1970, ambayo ndiyo hubeba ndizi na maziwa hadi soko la Tengeru, na ndiyo majirani huijia usiku mgonjwa anapozidiwa. Anasema kwamba tangu masika ilipoanza gari hilo huwaka kwa taabu asubuhi, hutetemeka likiwa limesimama, na mara tatu limezima njiani likiwa na mzigo. Kila lilipozima, alisubiri kama nusu saa, nalo likawaka tena. Amekwisha kununua betri mpya, plagi nne na koili. Sasa ameshauriwa anunue kabureta, na fedha zilizobaki nyumbani ni za sare na mahitaji ya watoto wanaofungua shule. Swali lake ni fupi: je, anunue?

Ushauri wetu ni kwamba asinunue kitu bado. Vipuri vitatu vimekwisha kula fedha zake, naye hajui hata sasa gari lake linaumwa nini. Huko ni kubahatisha, na mwenye kubahatisha hulipa mara nyingi kwa ubovu mmoja.

Tumeichagua barua hii kwa sababu jambo lake ni la wengi. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, na zile za mtindo wa kale ziliendelea kutengenezwa hadi 1985. Kwetu zilitumika katika idara za Serikali, misheni, mashamba na mbuga za wanyama, kisha nyingi zikaingia mikononi mwa watu binafsi. Mwezi Oktoba 2024, Land Rover kwa mamia zilikusanyika Arusha katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili yake.

Magari ya leo yana kompyuta. Fundi huchomeka mashine yake na kusoma ubovu ulipo. Land Rover ya 1972 haina mahali pa kuchomeka mashine hiyo. Fundi kijana aliyezoea kusoma mashine hupata taabu mbele yake, na mafundi wazee waliozoea kusikiliza injini wanazidi kupungua. Katikati yao amesimama mwenye gari, na mbele yake yupo muuza vipuri. Hivyo yafaa mwenye gari mwenyewe ajue kupima.

Mambo manne

Injini ya petroli ya zamani, iwe ya Land Rover, Peugeot 404 au Volkswagen, hudai mambo manne ili iwake. La kwanza, izungushwe kwa kasi ya kutosha. La pili, ipate cheche yenye nguvu kwa wakati wake. La tatu, ipate petroli na hewa kwa kipimo. La nne, silinda zake ziweze kuubana mchanganyiko huo. Gari likikataa kuwaka, moja kati ya haya limekosekana. Kazi yetu ni kuuliza moja baada ya jingine, tukianza na yale ambayo kuyapima hakugharimu hata shilingi.

Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani, mwingine hutazama injini. Mume na mke waweza kuifanya, ama mzazi na kijana wake, awe wa kiume au wa kike. Sharti ni moja: pasiwe na sigara wala moto wa aina yoyote karibu, na gari liwe mahali pa wazi.

Sikiliza stata

Washa taa kubwa, kisha mwenzako azungushe stata huku ukizitazama. Taa zikififia sana na stata ikaguna kwa uvivu, betri ina umeme haba, au umeme unapotea njiani, au stata yenyewe imekwama. Taa zikibaki angavu na stata isizunguke, umeme haufiki kwenye stata: kagua vichwa vya betri, solenoidi na waya zake. Mwenye mita ya umeme apime. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika huonyesha kama volti 12.6, na stata inapozunguka haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi.

Kabla ya kuilaumu betri, fuata waya wa ethi. Katika Land Rover injini imekalia mipira, kwa hiyo haigusani vema na chesisi. Upo waya mnene unaoziunganisha. Ukishika kutu au ukilegea, hata betri iliyotoka dukani leo itaonekana chovu. Dalili moja ya ubovu huu ni kebo ya choki kupata moto stata inapozungushwa, kwa kuwa umeme uliokosa njia yake umepita humo. Tiba yake ni spana, kipande cha msasa na dakika kumi.

Tafuta cheche

Stata ikizunguka vizuri na injini isiwake, chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, na uilaze ili chuma chake kiguse injini, mbali na petroli yoyote. Usiishike kwa mkono mtupu. Mwenzako azungushe stata. Cheche nzuri ni ya buluu, na utaisikia ikilia. Cheche ya manjano au nyekundu ni dhaifu. Isipokuwepo kabisa, ubovu uko nyuma ya plagi, na plagi mpya hazitaleta nafuu yoyote.

Hapo fungua kifuniko cha distribyuta. Kwenye miteremko ya Meru, wakati wa masika na katika baridi ya Juni na Julai, ukungu wa alfajiri huacha unyevu ndani ya kifuniko hicho, na umeme huufuata unyevu badala ya kwenda kwenye plagi. Kifute kwa kitambaa kikavu. Ukifuta, tafuta mstari mweusi mwembamba kama unywele. Huo ni ufa ambao umeme umekwisha kuufanya njia yake, na kifuniko chenye ufa huo hakina budi kubadilishwa. Gari linalogoma asubuhi za ukungu tu, na kuwaka bila shida jua likipanda, aghalabu ubovu wake ni huu.

Kisha tazama pointi. Katika injini ya Land Rover ya lita 2.25, nafasi yake zinapofunguka ni milimita 0.35 hadi 0.40. Kisigino cha pointi kikilika, nafasi hupungua na cheche huchelewa. Gari hupungukiwa na nguvu na injini hupata moto kupita kiasi. Pointi zilizoungua, zenye kishimo upande mmoja na kinundu upande wa pili, humshitaki kondensa. Huyu ni kijidude kidogo chenye waya mmoja. Mara nyingi hufanya kazi kikiwa baridi na kushindwa kikipata moto. Wengi hubadilisha koili na kumwacha kondensa mahali pake.

Fuata petroli

Ikiwa cheche ni nzuri, geukia petroli. Katika nyingi ya Land Rover hizi pampu ya petroli iko ubavuni mwa injini, ina kikombe cha kioo na kijimkono cha kuvutia kwa kidole. Tazama kikombe. Maji hukaa chini ya petroli, yakionekana kama tone kubwa lisilochanganyika. Uchafu na kutu vya tangi hutulia humo humo. Injini ikiwa baridi na swichi imezimwa, fungua bomba linaloingia kwenye kabureta, weka chupa, na pampu kwa mkono. Petroli inapaswa kuruka kwa nguvu kila unapovuta. Ikitiririka kinyonge, tafuta kizuizi katika bomba, katika pampu au katika tangi.

Petroli yenyewe nayo ipimwe. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka alama maalumu katika mafuta ili kuwanasa waliokuwa wakichanganya petroli na mafuta ya taa, na neno uchakachuaji likaenea katika vinywa vya watu. Ukishuku petroli yako, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe safi. Petroli halisi hukauka na kutoweka. Mafuta ya taa huacha doa la utelezi. Petroli iliyolala tangini miezi mingi nayo hupoteza ule wepesi wake unaoshika moto haraka. Magari ya petroli yaliyosimama kwa miezi wakati wa janga la korona mwaka 2020 yalikuwa katika hatari hiyo.

Kuhusu kabureta, yafaa ijulikane kwamba ile ya Zenith, iliyofungwa katika nyingi ya Land Rover hizi, ina udhaifu wake. Sehemu ya juu na ya chini zilizofungwa kwa skrubu hupinda kidogo kwa moto na kwa kukazwa mno. Petroli hupenya mahali pasipotakiwa, injini hutetemeka likiwa limesimama, na hakuna marekebisho ya skrubu yanayoituliza. Fungua kifuniko, laza rula ya chuma juu ya uso wake, na utazame dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga chini ya rula, laza msasa laini juu ya kioo bapa na usugue uso huo taratibu hadi ulingane. Badilisha gasketi na kile kipete cha mpira kilicho ndani. Kabureta nyingi zimetupwa zilipohitaji saa moja ya kazi hii.

Hewa ya mlimani

Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa karibu asilimia 15. Kabureta haina akili ya kulitambua hilo. Huendelea kutoa petroli kwa kipimo ilichowekewa. Gari lililorekebishwa Dar es Salaam au Tanga litakula petroli nyingi kupita hewa iliyopo likifika hapa, litatoa moshi mweusi, na plagi zake zitajaa masizi makavu. Nguvu zake pia zitapungua, na hapo hakuna kilichoharibika: mlima ndio umechukua sehemu yake.

Soma plagi zako kama daktari anavyotazama ulimi. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu ni petroli nyingi au hewa kidogo. Weusi wenye unyevu wa oili ni pete za pistoni au miongozo ya valvu iliyochoka. Weupe mkali ni petroli haba. Ukikuta masizi, kabla ya kugusa kabureta, hakikisha kwamba choki hurudi mpaka mwisho, na fungua kisafisha hewa. Kile cha Land Rover hizi kina oili chini yake ya kunasa vumbi. Kwa gari linalopita Kisongo au Oldonyo Sambu wakati wa kiangazi, oili hiyo hugeuka tope upesi na injini hukosa pumzi. Kuiosha na kuitia oili mpya ni gharama ndogo sana.

Injini itetemekapo

Injini inayotetemeka ikiwa imesimama, au kupiga misi kama wasemavyo mafundi, mara nyingi ina silinda moja isiyofanya kazi. Kuitambua ni rahisi. Ikiwa inanguruma, chomoa waya za plagi moja moja, kwa koleo lenye mpini wa mpira, na kuirudisha kila moja kabla ya kugusa nyingine. Ukichomoa waya wa silinda nzima, injini itazidi kuyumba. Ukichomoa wa silinda mbovu, haitabadilika. Sasa badilishana plagi ya silinda hiyo na ya jirani yake. Ubovu ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, kagua waya wake na kifuniko cha distribyuta. Waya na kifuniko vikiwa vizima, tatizo liko ndani ya silinda.

Hapo ndipo ile hendeli ya mbele inapokuwa chombo cha uchunguzi. Zima swichi, weka gia huru, vuta breki ya mkono. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiuzunguke mpini, kwani injini ikirusha nyuma huweza kuvunja mkono. Zungusha polepole mizunguko miwili kamili. Utakutana na uzito mara nne, mmoja kwa kila silinda. Yote minne ikilingana, ushukuru. Mmoja ukiwa laini, silinda hiyo haibani.

Usikimbilie kufungua injini. Pima kwanza nafasi za valvu. Kwa injini hii ni milimita 0.25 kwa zote. Petroli iliyotiwa madini ya risasi iliondolewa katika nchi yetu na kwingineko kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Hatua hiyo ilikuwa njema kwa afya za watoto wetu, lakini madini yale yalikuwa yakikinga viti vya valvu za injini za zamani. Viti hivyo huweza kulika. Valvu ikazama, nafasi ikafungika, na injini ikapoteza mbano wake. Kuzipima kila baada ya miezi kadhaa kutakuepusha na kazi kubwa ya kufungua silinda hedi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Gari lizimapo njiani

Ubovu unaowashinda wengi ni ule wa ndugu yetu wa Nkoaranga: gari huzima likiwa na moto, hupumzika, kisha huwaka kama kwamba halikuwa na neno. Likifikishwa kwa fundi ni zima. Fundi hana cha kukiona, hivyo hubadilisha anachokidhania.

Gari la namna hii sharti lipimwe palepale linapozima, kabla halijapona. Beba katika gari spana ya plagi, plagi moja ya zamani na kitambaa. Likizima, egesha pembeni, weka pembe tatu za tahadhari, na ufanye mambo matatu kwa haraka. Kwanza, fungua kifuniko cha tangi la petroli na usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na gari likawaka mara hiyo, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Pili, jaribu cheche kwa ile plagi ya zamani. Cheche ikiwa imepotea au ni ya manjano, mshuku kondensa kwanza, kisha koili. Tatu, cheche ikiwa nzuri, tazama kikombe cha pampu. Kikiwa kitupu au kikitoa mapovu, petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba kwa moto wa injini, jambo ambalo hutokea kwa wepesi zaidi penye mwinuko, hasa baada ya kupanda kilima kirefu na mzigo. Kitambaa chenye maji juu ya bomba na pampu kitaipoza. Tiba ya kudumu ni kulihamisha bomba mbali na ekzosi.

Mambo haya matatu hayachukui dakika tano. Jibu lake latoka kwenye gari lenyewe.

Tumlipe fundi kwa kutafuta

Wapo watakaosema kwamba mafundi wetu hupenda kubadilisha vipuri. Huenda ni kweli kwa baadhi yao, lakini sisi wenye magari tumechangia. Tuna desturi ya kumlipa fundi kwa kipuri alichofunga. Akitumia saa mbili kutafuta, kisha akakaza waya mmoja na gari likapona, tunaona hakufanya kazi na tunapunguza malipo. Kwa desturi hiyo tunamfundisha kwamba kutafuta hakuna ujira, na kufunga kitu kipya kuna ujira. Matokeo yake ni haya ya Nkoaranga.

Tukubaliane na fundi mapema juu ya malipo ya uchunguzi. Tena, tusimpelekee tiba, tumpelekee dalili. Usiseme, "Nifungie koili." Sema, "Likienda nusu saa huzima, na likizima cheche hupotea." Kaa na daftari dogo garini, uandike siku, hali ya hewa, mwendo uliokwenda na kilichotokea. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ulijaribu gari, ndipo uendelee. Na kipuri cha zamani ambacho hakikuwa na kosa usikitupe.

Kwa ndugu yetu wa Nkoaranga, basi, utaratibu ni huu. Jumamosi hii akaze na kusafisha waya wa ethi, afute kifuniko cha distribyuta, apime pointi, na afungue kisafisha hewa. Kisha aweke rula juu ya kabureta aliyonayo. Iwapo baada ya hapo gari litazima tena njiani, afanye yale mambo matatu papo hapo na kuandika alichokiona. Kwa kuwa koili ni mpya na ugonjwa haukubadilika, macho yetu yanamwelekea kondensa, ila hukumu aitoe mwenyewe kwa kuitazama cheche. Fedha za sare zibaki nyumbani hadi atakapojua. Majirani wanaomgongea mlango usiku wanahitaji gari linalowaka, na watoto wanahitaji kurudi shule. Hakuna haja ya jambo moja kulimaliza jingine.

Juma lijalo tutazungumzia breki za magari ya zamani, na kwa nini kanyagio linalozama polepole halipaswi kuvumiliwa hata siku moja.